Viatu vya theluji: wanaojua kutembea kwenye theluji nzito njooni mnisaidie, naenda Quebec Januari

KijanaWaKizota (mleta uzi)

Wakuu habari za jioni, poleni na hili joto la Dodoma maana leo hata feni inapuliza moto.

Niende kwenye mada. Mimi ni mwanajiolojia, bado kijana kazini, muda mwingi niko porini Bahi, Chenene na Mpwapwa huko kuokota sampuli za mawe na udongo. Sasa Mungu si Athumani, nimepata nafasi ya mafunzo ya vitendo Canada, mkoa wa Quebec, maeneo ya Val-d'Or ambako wanachimba dhahabu. Kazi yenyewe ni Januari mpaka Machi na wamechagua huo muda makusudi, kule kumejaa maziwa na vinamasi, kiangazi huwezi kuingiza mtambo wa kuchoronga, kwahiyo wanasubiri maji yagande ndo wanaingia.

Wametuma orodha ya vifaa, makoti naelewa, glavu naelewa, ila kuna kitu kinaitwa viatu vya theluji, siyo buti, ni ile mifremu mipana unafunga chini ya buti. Nimeangalia video YouTube naona mtu anatembea juu ya theluji raha mustarehe na mimi nikajiuliza haya madude yanafanyaje kazi, saizi unachaguaje, ninunue nikiwa huku au kule, na je kuna mazoezi naweza kufanya nikiwa hapahapa Dodoma?

Wenye uzoefu karibuni, matusi pelekeni jukwaa la siasa.

Ntyuka Boy

Nimekaa paleee nasubiri wajuvi. Mimi theluji naijua ile ya kwenye friji ya bi mkubwa.

Mzee wa Makole

Kijana hongera sana. Ila mbona unajisumbua, si uvae buti za mvua ndefu za mpaka magotini, theluji si maji tu yaliyoganda? Hao wazungu wanapenda kukuuzia vitu.

NkuhunguGal

Shikamoo mzee wangu Mzee wa Makole, hapo naomba nikupinge kwa adabu zote 😂

Mimi nimekaa Japan upande wa Niigata, kule theluji inashuka kutoka upande wa bahari ya Japan, nzito imejaa maji, usiku mmoja unaamka mlango haufunguki. Buti ndefu zinazuia mguu usilowe, hazizuii mguu usizame. Ukikanyaga theluji iliyolala fresh unazama mpaka goti, pengine mpaka paja, unavuta mguu mmoja, wa pili nao unazama, halafu kila hatua unanyanyua paja juu na lile shimo limekubana. Mita hamsini tu unahema. Na jasho likishakutoka kwenye baridi ile, ukisimama kupumzika ndo unaanza kutetemeka, hapo ndipo watu wanapopata matatizo.

Wazee wa vijijini kule wana vitu vyao vinaitwa kanjiki, viduara vidogo vya mianzi au mti uliokunjwa, vinafungwa kwa kamba chini ya buti. Vidogo kuliko vya Canada, na sababu ipo, theluji yao ni nzito inashika, halafu ni milima na vichaka, dude refu lingekwama. Kwahiyo mleta uzi ujue kabisa hakuna kiatu kimoja cha theluji zote.

Injinia Nala

Ngoja niweke namba watu wa sayansi tufurahi.

Tuchukue mtu wa kilo 70, begi na nguo kilo 10, jumla 80. Unapotembea kuna wakati mwili mzima uko kwenye mguu mmoja. Soli ya buti inagusa chini tuseme sentimita za mraba 250. Gawanya, unapata kama gramu 320 kwa kila sentimita ya mraba. Sasa funga kiatu cha theluji cha inchi 8 kwa 25, yaani kama sentimita 20 kwa 64, toa zile kona zilizochongwa inabaki karibu 1,100 au 1,200. Gawanya tena, unapata gramu 70 hivi. Uzito wako haujapungua hata kidogo ila presha imeshuka zaidi ya mara nne.

Ndo ileile fuso likizama kwenye tope la Bahi unavyoweka mbao chini ya tairi, hakuna uchawi.

Sasa upande wa pili ni theluji yenyewe. Theluji mpya kavu meta moja ya ujazo inaweza kuwa na kilo 50 mpaka 100 tu, maji ni 1,000, yaani humo ndani asilimia tisini na kitu ni hewa. Ikikaa siku kadhaa inajishindilia yenyewe inafika 200 hadi 300, iliyopigwa na upepo inavuka hapo. Ndo maana theluji ileile, wiki moja unazama, wiki ijayo unatembea juu yake na buti.

Ntyuka Boy

Injinia kwahiyo akivaa kubwaaa inchi 50 hazami kabisa??

Injinia Nala

Atapungua kuzama lakini bado atazama. Hakuna kiatu cha mtu kinachokufanya uelee kwenye theluji kavu ya jana usiku, utakwenda chini sentimita 15, 20, hata 30. Kazi yake ni kukutoa kwenye paja kukuleta kwenye kifundo cha mguu. Na kikiwa kikubwa mno unatembea miguu imepanuka, nyonga zinauma, unajikanyaga mwenyewe. Kiatu kidogo kuliko vyote kinachobeba uzito wako kwa theluji ya huko unakokwenda, hicho ndicho chako.

MtanzaniaOntario

Nimeuona huu uzi nikiwa kazini ikabidi nijifungie chooni kuandika maana vijana wanapotoshwa sana kuhusu baridi.

Mimi niko kaskazini ya Ontario, siyo mbali sana na huko Val-d'Or ukiangalia ramani. Nyuzi -30 usiku si habari ya kutangaza. Saizi kwa kawaida utakuta zimeandikwa 25, 30 na 36, hizo ni inchi za urefu. Watu wa mpaka kilo 80 hivi wanaishia 25, kufika kilo mia wanachukua 30, zaidi ya hapo 36. LAKINI, na hapa wengi wanapigwa, uzito wanaousema ni wewe ukiwa umeshavaa kila kitu na umebeba kila kitu. Wewe mwanajiolojia utabeba mawe bwana. Asubuhi unaondoka na kilo 80 jioni unarudi na 95. Na kwenye msitu wa kule theluji inakaa kavu na laini muda mrefu kwa sababu upepo hauifikii chini ya miti. Chukua 30 usibishane na muuzaji.

Halafu muhimu kuliko yote USINUNUE HUKO. Sijui hata ungevipata wapi Bongo, ila hata mtandaoni usiagize. Hicho ni kifaa cha kazi, waulize waliokualika kama wanavyo stoo, kampuni za utafiti karibu zote za huku wanavyo vya kugawa. Wasipokuwa navyo kuna maduka ya kukodisha. Vipya bei inaanzia dola mia na kitu za Canada mpaka zaidi ya mia tatu, kwa miezi mitatu halafu unarudi Kizota navyo vya nini? Utaning'iniza sebuleni?

Fundi Chang'ombe

Mkuu MtanzaniaOntario kwani ni kitu gani hapo cha dola mia tatu? Nimeangalia picha naona bomba la alminiamu limekunjwa, turubai gumu, na mikanda. Hiyo hapa kwangu natengeneza pea nzima kwa elfu themanini, mleta uzi njoo Chang'ombe tuongee.

MtanzaniaOntario

Fundi nakuheshimu ila siyo hapo. Fremu utakunja vizuri tu. Shida ni chini na katikati. Chini ya unyayo kuna meno ya chuma, yanauma kwenye barafu usiteleze. Katikati kuna bawaba, buti linafungwa mbele tu, kisigino kiko huru kinapanda na kushuka, ukinyanyua mguu mkia wa kiatu unabaki chini unajiburuza na theluji inamwagika yenyewe. Hiyo bawaba ikikatika kilomita tano kutoka kwenye gari, kwenye -25, umekwisha. Mpira na plastiki ya kawaida kwenye baridi hiyo inakatika ukiikunja. Elfu themanini yake aile nyama Msalato siku ya mnada.

Fundi Chang'ombe

😂😂 haya bwana tumeelewa. Ila zamani kabla ya alminiamu walikuwa wanatumia nini?

Mwl. Mstaafu Mpwapwa

Vijana hamjambo. Hapo nichangie kidogo.

Wenyeji wa asili wa Amerika ya Kaskazini, Wakree, Waojibwe, Wahuroni na wengine, hivi vitu kwao vilikuwa maisha, bila hivyo hakuna kuwinda msimu wa baridi. Walichukua mti wa ashi ambao nyuzi zake zimenyooka, wakaupasua vipande virefu, wakaupiga mvuke ukalainika, wakaukunja, kisha wakasuka kati kwa kamba za ngozi mbichi ya wanyama wa jamii ya kulungu. Ngozi mbichi, haijalainishwa. Ikisukwa ikiwa imelowa halafu ikakauka inavuta inakuwa ngumu sana. Mtu wa Mpwapwa aliyekulia na ng'ombe hilo halihitaji maelezo. Ubaya wake ikilowa tena inalegea, ndiyo maana baadaye wakawa wanaipaka vanishi.

Na maumbo yalifuata ardhi. Waojibwe walichonga mbele na nyuma. Wahuroni walikuwa na cha mviringo chenye mkia mrefu, mkia unakiweka kiatu kinyooke ukitembea sehemu ya wazi. Kwenye vichaka vizito walitumia kifupi kipana kisicho na mkia, kinaitwa unyayo wa dubu. Alaska vikawa virefu vyembamba kwa ajili ya tambarare yenye theluji nyingi.

Wazungu walipofika wakajifunza kwa wenyeji, mpaka jeshi. Mwaka 1758 karibu na Ziwa George, New York ya leo, askari wa upande wa Waingereza, kundi la Robert Rogers, walipigana na Wafaransa na washirika wao wenyeji, pigano likabaki na jina la Pigano la Viatu vya Theluji. Rogers alipigwa vibaya siku ile.

Na msidhani ni Amerika tu. Mwaka 2003 kwenye milima ya Alpi, mpakani mwa Italia na Austria, juu zaidi ya mita 3,100, kilipatikana kiatu cha theluji cha mti wa mbetula, kikapimwa kikaonekana ni cha kati ya mwaka 3800 na 3700 kabla ya Kristo.

Ntyuka Boy

Mwalimu umetisha 🙌 kumbe ni kitu cha miaka elfu tano na ushee huko

Mzee wa Makole

Mwalimu nimekubali yaishe. Lakini swali, kwanini asijifunze ski kabisa, zile mbao ndefu za miguuni? Naona zile wanateleza tu, mtu anafika haraka.

NkuhunguGal

Mzee ski zina raha yake na kwenye uwanda au njia iliyosafishwa zinakimbia kweli. Ila zinahitaji kujifunza, mtu mzima anayeanza ataanguka wiki nzima. Afu huyu anakwenda msituni kuchukua sampuli, miti imesongamana, kila hatua kumi anasimama anachimba, anapima, anaandika. Ski ya karibu mita mbili ataipitisha wapi? Kiatu cha theluji kama unajua kutembea basi ndani ya robo saa umekimudu. Mpaka Special Olympics ya majira ya baridi (michezo ya watu wenye ulemavu wa akili) wana mbio za viatu vya theluji, watu wanakimbia navyo kabisa.

MtanzaniaOntario

+1. Na anayepinga aje huku abebe mawe kwenye ski.

Mgumu wa Marangu

Wazee salama? Mimi nilibeba mizigo Kilimanjaro miaka mingi kabla ya kuhamia huku Ipagala kwa mama watoto. Niongezee upande wa nyumbani maana watu wanasahau theluji tunayo.

Pale Kibo viatu hivi vipana havitumiki kabisa kwa kawaida. Theluji ya juu haikai laini muda mrefu, jua la ikweta linaipiga mchana, usiku inaganda inakuwa ngumu inateleza. Wageni wenye akili wanavaa minyororo ile yenye vijino chini ya buti basi. Na mnajua kwanini tunawaamsha watu saa sita usiku kuelekea kileleni? Pamoja na kuwahi mawio, ule mchanga na changarawe na theluji vinakuwa vimegandamana, mguu unashika. Ukichelewa jua likatoka kila kitu kinalegea, unapanda hatua moja unarudi nusu.

Sasa kijana hiyo ichukue hata kule. Ikishafika Machi, mchana joto linapanda kidogo theluji ya juu inalowa, usiku inaganda inatengeneza gamba. Asubuhi mapema unatembea juu ya gamba. Saa nane mchana gamba hilohilo linapasuka unatumbukia. Panga kazi ya mbali ifanyike asubuhi.

Na miwani ya jua mkuu usiidharau. Nimeona mtu mzima analia machozi macho mekundu hawezi kufungua, theluji inarudisha jua lote usoni. Inauma ajabu, unahisi mchanga umejaa machoni. Wanauita upofu wa theluji, unapona baada ya siku moja mbili ila hizo siku utakoma.

KijanaWaKizota

Wakuu nimepata zaidi ya nilichoomba, Mungu awabariki. Sasa naomba tushuke chini kwenye kutembea kwenyewe. Hatua inakuwaje, kona unakataje, ukianguka unaamkaje? Dada NkuhunguGal na bro wa Ontario msinichoke.

NkuhunguGal

Haya kaka kaa chini.

Kufunga kwanza. Sehemu pana ya unyayo, pale vidole vinapoanzia, ikae juu ya ile bawaba. Ukisogeza buti mbele sana ncha ya buti itakuwa inagonga kwenye fremu kila hatua, ukilirudisha nyuma meno hayaumi. Buckle zote zikae upande wa NJE wa mguu, zikiwa ndani mguu mmoja unaunasa mwingine unakula mwereka. Kabla ya kufunga futa theluji chini ya buti, ukiibana humo inageuka barafu na mkanda utalegea baada ya muda. Jifunze kufunga ukiwa umevaa glavu nyembamba za ndani, ukivua zote chuma kinakuunguza kwa baridi.

Kutembea, miguu ipanue kidogo tu kuliko kawaida na unyanyue, usiburute kama uko na ndala nyumbani. Fimbo mbili, zile zenye kisahani kipana kule chini, bila kisahani fimbo yote inazama mpaka kwenye mkono. KURUDI NYUMA SAHAU. Mkia unachimba unakaa chali. Ukitaka kugeuka zunguka kwa vihatua vidogovidogo mpaka umalize duara.

Kupanda mlima unapiga ncha ya buti ndani ya mteremko mpaka meno yashike, unasimama juu yake, ndo unapiga mguu wa pili. Vingi vya siku hizi vina kachuma chini ya kisigino unakainua, kanakusaidia misuli ya nyuma ya mguu kwenye mwinuko mrefu. Kushuka kunja magoti, uzito kwenye visigino, usiogope ukaegemea nyuma sana maana utateleza umekaa.

Kuanguka utaanguka. Kosa la wengi wanaweka mkono chini wasukume, mkono unazama mpaka bega na chini hamna kitu. Vua begi. Chukua zile fimbo mbili ziweke msalaba juu ya theluji, shika pale zinapokutana, sukumia hapo, piga goti, simama.

Ntyuka Boy

"Mkono unazama mpaka bega na chini hamna kitu" dada mimi nimeghairi hata visa sitaki 😂😂

MtanzaniaOntario

Dada kamaliza ila niongeze mambo matatu ya huku ambayo video hazisemi.

La kwanza, kufungua njia. Mtu wa mbele ndo anateseka, anashindilia theluji, wanaofuata wanatembea kwenye alama zake karibu bure. Kwahiyo mnapokezana, wa mbele akichoka anasogea pembeni anapitisha wenzake anakaa mwisho. Wewe mgeni utataka kujionyesha una nguvu za Kigogo ukae mbele muda wote, usifanye, jasho ndo adui. Tembea polepole kiasi unaweza kuongea. Ukianza kusikia joto fungua zipu HAPOHAPO kabla jasho halijatoka, ukisimama vaa koti kabla hujasikia baridi. Na pamba acha Dodoma, fulana ya pamba ikilowa jasho haikauki inakunyonya joto lote. Sufu au zile nguo za michezo za polyester.

La pili maziwa. Utafanya kazi juu ya ziwa lililoganda, wenyeji watapima barafu, wewe usikanyage mpaka waseme. Mtu mmoja kwa miguu wanashauri barafu ngumu safi ya sentimita 15. Watu wanadhani theluji nyingi juu ina maana barafu nene, ni kinyume chake, theluji ni blanketi, inazuia baridi isishuke kwahiyo chini barafu inanenepa taratibu. Halafu uzito wa theluji unaikandamiza barafu, maji yanapanda kupitia nyufa yanakaa kati ya barafu na theluji, juu unaona peupe pamenyooka, ukikanyaga unaingia kwenye uji wa maji na barafu. Huzami, ila ukinyanyua mguu kwenye hewa ya -25 ule uji unaganda kwenye kiatu na kila mguu unakuwa mzigo. Toka hapo upesi, nenda sehemu kavu, gongagonga kwa fimbo mpaka uvisafishe. Sehemu mto unapoingia ziwani au unapotoka kaa mbali kabisa.

La tatu, kule Val-d'Or ni vilima vya kawaida hofu ya maporomoko ya theluji siyo kubwa, ila ukipata wikiendi ukaenda kutalii milimani kweli, miteremko ya nyuzi 30 mpaka 45 ndiyo inayoporomoka sana, na kiatu cha theluji hakikuokoi. Usiende bila mtu aliyefundishwa na vifaa vyake.

Mama Zabibu

Jamani na mimi nimesoma uzi wote huku napepeta mchele. Kumbe dunia hii kila kiumbe kina namna yake. Mwanangu kaniambia kuna sungura wa Canada nyayo zake za nyuma ni kubwa na zina manyoya mengi anatembea juu ya theluji hazami, na paka mwitu anayemuwinda naye ana minyayo mikubwa hivyohivyo. Kwahiyo mbio zao hazina mshindi wa jumla 😂

Mwl. Mstaafu Mpwapwa

Mwanao yuko sahihi mama. Paka huyo ni linksi. Na yupo ndege jamii ya kware anaota manyoya mpaka kwenye vidole vya miguu ikifika baridi.

KijanaWaKizota

Asanteni sana. Nimewaandikia walionialika wamejibu viatu vipo stoo watanipa, saizi 30 zipo. Kwahiyo dola zangu zimepona 🙏

Limebaki la mazoezi. Nina miezi miwili na ushee.

Mgumu wa Marangu

Mazoezi yako nje ya mlango wako bwana. Chukua begi lako la kazi weka kilo kumi, nenda kwenye korongo lolote kavu lenye mchanga mwingi, tembea juu ya mchanga laini siyo pembeni kwenye udongo mgumu. Anza nusu saa panda mpaka saa moja na nusu. Nyanyua goti. Nyonga na mapaja ya mbele ndo yanafanya kazi kule, huku mjini kwenye lami hayajui kazi. Ukichoka na korongo panda Mlima Simba wa hapo mjini, ushuke taratibu, kushuka ndo kunajenga magoti. Ila mvua zikianza korongoni ondoka, maji ya Dodoma yanakuja mvua ikiwa imenyesha huko juu wewe uko kwenye jua.

Injinia Nala

Hilo la mwisho msilipuuze, korongo linajaa ndani ya dakika.

KijanaWaKizota

Sawa wakuu. Na suruali ya kuzuia theluji vipi, hiyo nayo nisubiri kule? Nasikia bei zake zinatisha.

NkuhunguGal

Suruali na gaita unaweza kupata hukuhuku. Gaita ni kile kitambaa kinafungwa kuanzia kwenye buti mpaka chini ya goti theluji isiingie. Mitumba ya Ulaya na Korea inaleta suruali za ski watu hawazijui wanaziuza kwa watu wa bodaboda. Ukiikuta ingiza mkono chini kwenye mguu, ile yenyewe ina pindo la pili kwa ndani lenye lastiki na mpira unaonata, hilo linashika kwenye buti, ikiwa nalo basi hata gaita huhitaji. Koti nalo angalia kiunoni kwa ndani kuna kisketi chenye vifungo, kinazuia theluji isipande mgongoni ukianguka. Zipu zijaribu zote, na za makwapani.

Mama Zabibu

Njoo Sabasaba mwanangu, nina shoga yangu anauza makoti mazito, hayaendi kabisa kipindi hiki cha joto kwahiyo atakupunguzia. Wahi asubuhi siku anayofungua belo, ikifika saa nne bodaboda wameshachagua. Akikuanzia elfu thelathini wewe taja kumi na mbili ukae kimya.

Ntyuka Boy

Mama mbona mimi shoga yako aliniuzia elfu arobaini bila kisketi 😭

Mama Zabibu

Wewe ulikwenda Juni mwanangu, Juni Dodoma nani anapunguza bei ya koti?